Maana saba za get, na karatasi ya bwana

Leo nimekosa kazi ambayo nilimufundisha muntu mwingine namna ya kuipata.

Ni ukarani kwenye ofisi ya malori yanayopeleka mizigo Zambia kupitia mupaka wa Mokambo. Walitafuta muntu wa kujua Kiingereza.

Nilikuwa kwenye mustari, mutoto mugongoni. Kijana wa nyuma yangu, Kalonji, akaniuliza:

"Mama, hii get maana yake nini? Kila ukurasa wa hiki kitabu cha Kiingereza iko na maana ingine."

Nikamuhurumia. Nikamufundisha: kupata, kufika, kuelewa, kushikwa na ugonjwa, kupanda basi, kwenda kuleta kitu, kuanza kuzeeka. Tukarudilia mpaka akashika.

Ndani, shefu akaniuliza neno lile lile, get. Nikatoa maana zote saba.

"Mama citoyenne, unamupita hata mwalimu wangu," akasema. "Sasa leta karatasi ya bwana yako, ya kukuruhusu kufanya kazi."

Nikamuambia bwana yangu iko Kambove, kwa mwanamuke mwingine. Tangu mutoto azaliwe, hajatuletea hata sabuni.

"Sheria ni sheria, mama."

Kalonji akaingia, nikamusikia toka mulangoni akikumbuka maana tano. Hakuna aliyemuuliza karatasi ya bibi yake. Kesho anaanza. Alipotoka alinishukuru, lakini macho yake yaliangalia viatu.

Sasa ninyi wenye bwana, na ninyi mulioachwa kama mimi, niambieni: kwa kazi itakayofuata, niende Kambove kumupigia ule mwanaume magoti, ao niandike ile karatasi mimi mwenyewe na kutia jina lake?

Mujibu mbio, juu kalamu niko nayo mukononi.