Joakim Mihayo Arudisha Salamu

Zamani Joakim Mihayo wa Mwamanyili hakuhitaji simu. Akimwita mkewe, Yusta, kutoka shambani, wanawake wa miji mitatu waliitika. Mihayo kwa Kisukuma ni maneno, na huyu bwana jina lilimkaa. Kisha sauti ikaanza kukwaruza. Wakasema ni mafua, wakasema ni sigara, akanywa tangawizi mpaka akaichukia. Hospitalini Mwanza daktari hakuzunguka: ni kansa, imekaa kwenye zoloto, pale sauti inapotoka, na zoloto yote itaondolewa. "Utapona," akasema, "ila hutaongea kama zamani." Joakim akachagua kupona. Nani achague kaburi kwa ajili ya kupiga soga?

Tangu hapo anapumulia tundu la shingoni, amelifunika kwa kitambaa ambacho Yusta hukifua kila siku. Akioga anajihadhari maji yasimwingie. Uji wa moto haupulizi tena, anausubiri. Mvua ya kwanza ikinyesha, wenzake wanavuta harufu ya udongo, yeye anaitazama tu. Watu nao, Mungu awasamehe, wanadhani asiyesema hasikii: wanamsalimia kwa kupiga kelele, kisha wanamteta pale pale. Joakim anacheka moyoni na kutafuna michembe yake, vile viazi vilivyokaushwa. Yu hai, ana shamba, ana mke. Alikuwa ameridhika.

Lililomuuma ni moja. Kila asubuhi Yusta hupiga goti na kusema, "Mwangaluka, baba." Miaka yote ya ndoa naye alimjibu kwa kumwita mama, "Mwangaluka, mayu," ndipo siku ianze. Sasa alimjibu kwa kuinua mkono. Yusta hakulalamika, lakini kila siku alibaki pale chini kidogo, akingoja, kisha akaenda kuwasha moto.

Na njia ilikuwepo! Kliniki muuguzi alimfundisha kumeza hewa, kuirudisha kama mbweu, na kuikata kwa ulimi iwe neno. Akafanya mazoezi kwa siri, maana alitaka kuwashtua. Siku Mektilda, dada yake Yusta, alipokuja kumwona, ulipikwa wali kwa kuku. Joakim akamaliza, akameza hewa, akatoa asante yake ya Kisukuma: "Wabeja!"

Mektilda akapiga makofi. "Sikieni! Shemeji ameshiba mpaka anabeua!" Akamwongezea wali. Joakim akajaribu tena, akaongezwa mchuzi. Weee! Nyumba nzima ilifurahia mbweu, Yusta akiwemo, na hakuna aliyesikia neno. Joakim alitamani ardhi ipasuke immeze. Akafunga mdomo. Mke amsalimie kwa adabu, yeye ambeulie usoni? Hapana, bora mkono.

Msimu wa pamba ukafika. Joakim akawafunga nira maksai wake, Diwani na Mtendaji. Diwani huvuta akipenda, Mtendaji humsubiri Diwani. Yusta akafuata kwa mbali na beseni la mbegu. Kwenda mbele hakukuwa na tabu, kofi moja mgongoni lilitosha. Tabu ilikuwa kugeuka mwisho wa shamba, ambapo zamani alipiga mluzi. Akakunja midomo, hewa ikatokea shingoni, kimya. Diwani akaona viazi vya jirani yao, Sylvester, majani mabichi kabisa. Akanyoosha huko, Mtendaji akafuata, jembe likafuata, na Joakim akiburuzwa nyuma. Na Sylvester si mtu wa kuchezewa viazi vyake.

Joakim akasahau aibu. Akameza hewa.

"Diwani! Rudi!"

Lilitoka zito, la tumboni. Diwani akasimama, masikio yakageuka. Ng'ombe anacheua mchana kutwa, atamcheka nani kwa mbweu? Akamjua bwana wake, akageuka.

Nyuma beseni likaanguka.

"Nani kasema?" Yusta alikuja mbio. "Ni wewe! Unaongea!" Machozi yakamjaa, mara hasira ikampanda. "Kumbe unaongea! Na wa kwanza kuambiwa ni ng'ombe? Mimi napiga goti kila siku najibiwa na mkono. Nimekukosea nini, mume wangu?"

Joakim alitaka kumweleza habari za wali na mchuzi, lakini hewa ya kumeza haitoshi maelezo marefu. Jua lilikuwa limepanda, wakati wa salamu ya asubuhi ulishapita. Akameza, hewa ikagoma. Akameza tena.

"Mwangaluka, mayu."

Yusta akapiga goti pale pale, juu ya mbegu zilizomwagika. "Mwangaluka, baba," akasema, akijifuta kwa kanga. "Hebu sema tena."

Akasema tena. Akaombwa mara ya tatu, akasema.

Diwani na Mtendaji walikuwa wamesharudi kwenye viazi vya Sylvester, na hakuna aliyewaita.