Kilo Themanini na Nne za Bi Mizani

Meneja mpya alibandika karatasi kwenye mlango wa ghala Jumatatu asubuhi, wachukuzi wakiwa bado wanavua mashati. Wiki iliyotangulia ubao wa kupandia rundo la magunia ulikuwa umevunjika mtu akiwa juu yake. Badala ya kununua ubao mwingine, meneja aliupiga misumari, akaona dawa ni kupunguza uzito wa wanaoupanda. Karatasi ilisema mwanamke anayezidi kilo themanini na mwanaume anayezidi tisini asipande tena. Wamepewa mwezi mmoja, kisha wote watapimwa.

Bi Mizani aliisoma mara mbili, mara ya pili akitafuta mwanya. Alikuwa karani wa mizani kwa miaka kumi na minne, na jina lake la kuzaliwa hakuna aliyelikumbuka pale ghalani. Karani wa mizani asiyepanda juu kuhakiki magunia hana kazi. Atapelekwa getini kuandika namba za malori. Naye alikuwa na kilo themanini na nne. Hakuhitaji kuambiwa, mizani ilikuwa yake.

Wachukuzi walianza siku hiyo hiyo. Mkubwa wao, waliyembatiza Winchi kwa jinsi alivyokuwa akinyanyua, alitangaza kwamba yeye na chakula basi, kuanzia sasa ni matango na maji. Akamuuliza Bi Mizani ataanza lini. Akajibiwa kwamba hakipunguzwi kitu kisichojulikana.

"Mbona unakijua, mama," Winchi akasema. "Umekikalia."

Wakacheka, na yeye akacheka, lakini hakusogea hata inchi. Pale ghalani hakuna anayenunua gunia. Mkulima akileta kilo mia unatoa uzito wa gunia tupu, unatoa taka, unatoa unyevu, ndipo mnaanza kuongea. Sasa meneja alitaka kumpima yeye na gunia lake. Biashara ya namna hiyo hakuwahi kuikubali kwa mahindi, sembuse kwa mwili wake.

Muuguzi mmoja wa zahanati alishamweleza kwamba mwili nao una hesabu yake: pima kiuno, nyonga, shingo na urefu, ingiza kwenye kikokotoo cha simu, utapata kadirio la mafuta. Mdogo wake alikuwa fundi cherehani. Bi Mizani akapitia kibandani kwake baada ya kazi, akasimama katikati ya vitambaa, akapimwa. Simu ikasema asilimia arobaini na moja.

Hakuikubali. Mtu aliyeshinda miaka yote akitazama namba za watu anaijua iliyoongezwa chumvi. Akamwambia mdogo wake arudie, na safari hii akamwangalia mikono. Vidole viwili vilikuwa vimejificha kati ya tepu na tumbo.

"Hivyo vidole vinafanya nini humo?"

"Nafasi ya kupumulia, dada. Nguo isiyo na nafasi mteja anairudisha."

"Mimi sishonewi gauni. Nipime nilivyo."

"Nikikubana utanuna."

"Nitanuna baadaye. Toa vidole."

Cherehani ya miaka ishirini haimtoki mtu kwa siku moja. Vidole vilirudi vyenyewe mara tatu. Mwishowe tepu ikalala juu ya ngozi, haikukazwa wala kulegezwa: kiuno sentimita tisini, nyonga mia na sita, shingo thelathini na tano. Ikawa karibu asilimia thelathini na tisa. Bi Mizani akaandika asilimia thelathini na tano hadi arobaini na mbili, maana tepu inakisia tu. Yaani kama kilo thelathini na mbili zilikuwa mafuta. Hamsini na mbili zilizobaki zilikuwa mifupa, misuli na maji, na hizo ndizo zilizokuwa zikipanda rundo kila siku. Hakuwa na nia ya kumwachia mtu hata moja.

Hatua iliyofuata iliwachekesha zaidi wachukuzi. Winchi akiguguna matango, Bi Mizani alikula kama kawaida yake, ila kila kitu kikipita kwanza kwenye mizani ndogo ya sampuli. Alitaka kujua ni kalori ngapi zinamshikilia pale pale, asipande wala asishuke, kwa sababu usipojua bei ya leo huwezi kudai ya kesho. Mchele aliupima mkavu. Ukishapikwa umebeba maji, na maji hakuwahi kuyanunua. Kila asubuhi, kabla ya kutia kitu mdomoni, alipanda mizani kubwa. Siku moja themanini na tatu na nusu, nyingine karibu themanini na tano. Wastani wa wiki haukutikisika.

Wiki ya pili ilipoisha, daftari lilisema kalori elfu moja na mia tisa kwa siku. Mdogo wake akalisoma, akaguna.

"Na chai je, dada?"

"Chai si chakula."

Wala hakuwa anatania. Ghalani chai hunywewa wima, kikombe mkono huu na kalamu mkono ule, kati ya lori na lori, na hakuna aliyewahi kuihesabu kama mlo. Vikombe vinne, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari, na maziwa juu. Kisha mafuta ya kupikia, aliyoyamimina kwa jicho. Yeye, anayemkatalia mkulima kwa nusu kilo! Akazitupa zile wiki mbili, akaanza upya bila kumhurumia mtu, na wiki mbili zilizofuata zikampa elfu mbili na mia tatu. Kilo bado themanini na nne.

Siku ya kupimwa, tajiri mwenye ghala alikuja mwenyewe. Winchi akapanda: themanini na tisa, ameshusha nane. Wakampigia makofi. Bi Mizani akapanda, sindano ikasimama ilipozoea.

"Mwezi mzima, mama," meneja akasema, "hata kilo moja?"

"Sikuwa napunguza. Nilikuwa natafuta. Kuanzia kesho nakula kalori elfu mbili, mayai na maharage siachi, na vyuma nanyanyua mara tatu kwa wiki. Mafuta yatoke, misuli ibaki. Mnipime kiuno."

Meneja akasema karatasi imeandika kilo. Bi Mizani akamwomba Winchi apandishe gunia moja juu. Winchi alifika katikati ya rundo, akalitua, akakaa, jasho likimtiririka.

"Kilo nane zimemtoka," Bi Mizani akamwambia tajiri. "Ni zipi? Hakuna aliyepima kabla, kwa hiyo hakuna anayejua. Halafu nisaidie hesabu moja, bosi. Mchukuzi wa kilo sabini na gunia la hamsini ni ngapi juu ya ule ubao? Mimi napanda na kalamu."

Tajiri alimgeukia meneja, akauliza ubao mpya utaletwa lini.

Wakaanza kupatana. Tajiri akatoa miezi miwili, Bi Mizani akataka sita. Tajiri akasema kiuno themanini, Bi Mizani akasema themanini na saba. Waliishia miezi minne na sentimita themanini na tano, na Bi Mizani hakuondoka mpaka yalipoandikwa juu ya karatasi ile ile na mstari wa kilo ukakatwa. Meneja akauliza, kwa sauti ya chini, kama akishindwa itakuwaje.

"Getini nitakwenda kwa miguu yangu. Lakini kwa kipimo changu."

Lori lilikuwa limeshaegeshwa nje. Akachukua kalamu, akapanda rundo kuhesabu, na hakuna aliyemwambia ashuke.