Krimu ya Wifi na Nyimbo za Kujipenda

Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuja kwenye chumba changu cha ushonaji Doornfontein, hapa Joburg, na wasichana watakaomsindikiza bintiye siku ya harusi. Niliwajaribisha nguo. Binti yangu wa miaka kumi na mitano alikuwa mmoja wao, hedifoni masikioni, akifuatisha wimbo wa Kikorea.

Wifi akaweka kopo la krimu juu ya cherehani yangu. "Mpake huyu asubuhi na jioni. Mweusi mno, atatuharibia picha."

Alisema hivyo mbele ya wenzake, kama anayezungumzia kitambaa chenye doa!

Nyimbo zile nilizijua. Nikisonga fufu jioni, binti yangu hunitafsiria: zinasema ujipende ulivyo, usingoje kusifiwa. Mwanzoni ziliniudhi. Waimbaji wenyewe weupe kama unga, watamfundisha nini mwanangu? Lakini niliona anavyorudi kutoka shule, ametaniwa rangi yake mpaka macho yamevimba, anajifungia na wimbo mmoja, kisha anatoka na kuomba chakula. Nikaacha kuzilalamikia.

Basi, baada ya maneno yale ya wifi, binti yangu akavua hedifoni. Amezaliwa hapa Joburg. Kiswahili anakielewa, lakini hujibu kwa Kiingereza. Siku ile alijibu kwa Kiswahili, neno moja moja: "Shangazi, mimi najipenda hivi hivi."

Wifi akacheka. "Ndiyo hayo ya Wakorea! Mtu hajipendi mwenyewe, anapendwa na watu."

"Watu gani?" nikamuuliza. "Wewe ni shangazi yake. Usipompenda wewe, nani?" Nikamrudishia kopo lake mkononi.

Kesho yake akapiga simu: amepata msichana mwingine, maji ya kunde, nimpunguzie nguo ya binti yangu. Nikakataa. Mume wangu akaniomba nilegeze, ni dada yake.

"Na huyu ni mwanao," nikamwambia. Ya nguo hakuyarudia tena.

Nguo nyingine zote nilizishona vizuri. Ile moja binti yangu aliivaa harusini, ukumbini Bellevue, akakaa nasi kwenye viti vya wageni. Msafara wa bibi harusi ukapita, kijana aliyekuwa aandamane na binti yangu akitembea peke yake, hajui mkono auweke wapi. Wifi akatukazia macho. Muziki ulipoanza, binti yangu akainuka akaenda kucheza katikati kabisa, mbele ya ukoo mzima.

Mume wangu husema sasa yaishe. Yaishe vipi, na mtoto hajaombwa msamaha?