Moto Uliowaka kwa Ajili ya Wageni

Admin, tafadhali nifichie jina, maana huku Tukuyu tunajuana hadi kwa mwendo. Mimi ni binti wa miaka ishirini na nane, nimepanga chumba Makandana, na ni mtafiti msaidizi kwenye timu ya chuo kikuu kimoja inayoshughulika na nishati safi vijijini. Kazi yetu ni mitambo ya biogesi: kinyesi cha ng'ombe kinachanganywa na maji, kinaingia kwenye shimo lililofunikwa, kinachacha, gesi inatoka na mama anapika bila kuni. Naipenda hii kazi. Mama yangu amepikia kuni tangu sijazaliwa, na moshi umemharibu macho.

Kwenye timu yuko kaka mmoja, nitamwita Ambele ingawa si jina lake. Anasomea shahada ya uzamivu kupitia mradi huu, na ndiye mchumba wangu. Mwaka jana alikuja kwetu Isongole na wazee wake kutoka Suma, wakaleta ng'ombe wanne wa mahari. Kwetu Wanyakyusa, mahari bila ng'ombe ni maneno tu. Kilichowashangaza baba zangu wadogo ni kwamba aliwaleta wote kwa mkupuo, halafu akaomba kwa adabu wasigawiwe ndugu kwanza, wabaki zizini kwa mama mpaka harusi. Baba alishafariki, mama anaishi peke yake, kwa hiyo nikaona huyu mwanaume ana huruma ya ajabu. Niliwasimulia mashoga zangu mpaka wakanichoka. Haukupita muda, nyumba ya mama ikachaguliwa kuwa kaya ya mfano ya mradi. Jamani, nilifurahi mara mbili.

Mtambo ulipokamilika, Ambele alimwambia mama abomoe mafiga ili jiko lionekane safi. Mama akabomoa, akapaka na ukuta udongo mweupe. Shida ni kwamba Isongole ni baridi, na vijidudu vinavyotengeneza gesi vinataka joto. Moto ulikuwa unachemsha chai ya mtu mmoja, unazima. Nilimwambia Ambele, akasema nisiwe na haraka, vitu vya utafiti vinakwenda taratibu. Mama naye kila nikimpigia simu alikuwa anajilaumu. "Mwanangu, labda mimi ndiye nakosea kukoroga. Mwombe mkwe asikasirike." Kumbe alikuwa anaenda kupika viazi kwa jirani kwa kujificha, ili mkwewe asiaibike!

Basi ikafika siku ya wageni wa wafadhili. Ambele alitangulia Isongole, akasema anaenda kurekebisha bomba. Tulipofika na wageni, moto ukawaka wa buluu, mkali, sufuria ikatokota mbele ya kamera. Mama alipiga vigelegele. Akasema kwa Kinyakyusa na mimi nikawa natafsiri: "Ndaga fijo, yaani asante sana, Mungu ametuona, moshi umetoka nyumbani kwangu." Mgeni mmoja alifuta machozi. Na mimi nililia, nisiwafiche. Wageni walipokaa kula nikazunguka nyuma ya jiko kukata majani ya mgomba ya kufunikia chakula. Pale ukutani nikakuta kitu kimefunikwa kwa kiroba. Nikafunua. Ni mtungi wa gesi ya dukani, mpira wake umepenyezwa ukutani mpaka kwenye jiko la mama.

Ambele alinikuta nimesimama hapo hapo. "Punguza sauti," akaniambia kabla hata sijasema neno. "Ni kwa ajili ya picha tu. Baridi ikiisha mtambo utafanya kazi."

"Mama yangu amesimama mbele za watu akamshukuru Mungu kwa mtungi?"

"Bila picha hizi hakuna mradi, na bila mradi mimi sina shahada. Wewe ni msomi, elewa."

Nikamwambia sielewi, namwambia profesa anayeongoza mradi sasa hivi. Hapo ndipo uso ulimbadilika. "Kamwambie. Unadhani wale ng'ombe niliwaleta haraka vile kwa nini? Mradi ulitaka kaya yenye ng'ombe, na nyie hamkuwa hata na ndama. Bila mimi mama yako angechaguliwa na nani?"

Ndugu zangu, yaani nilichumbiwa kwa sababu ya mavi ya ng'ombe. Nilicheka kwanza, kisha nikakaa chini, na kwa profesa sikwenda tena. Tangu siku ile ananiomba msamaha, anasema zilikuwa hasira, ananipenda kweli. Inawezekana. Lakini kila nikimtazama najiuliza, mimi kwake ni mke au ni sehemu ya maabara?

Sasa picha zimependwa, mradi unapelekwa vitongoji vya jirani, na baridi yao ni ile ile. Jumapili hii baada ya ibada nimepangiwa mimi kuongea na akina mama kwa Kinyakyusa, kwa sababu mimi ni mtoto wao na wananiamini. Wakinisikiliza watabomoa mafiga yao kama mama. Nikisema ukweli, uchumba umekufa, ng'ombe wanarudi Suma, na kaka yangu aliyeahidiwa wawili kwa ajili ya kuoa atanilaumu hadi kaburini. Mama mwenyewe hajui lolote. Bado anaamka alfajiri kukoroga, anaamini siku ya wageni alikoroga vizuri, ila amesahau alifanyaje. Jana kaniuliza kama ninakumbuka.

Wana ukurasa, msiniambie nisali, nimeshasali. Niambieni Jumapili nikipewa kipaza sauti, na mama yangu amekaa benchi la mbele, nifungue mdomo niseme nini?