Nahodha wa Maharamia Husalimia Kwanza

Hapana, ngoja kwanza. Unasema mchezo hauwezi kumfundisha mtu mzima wizi, kwamba mwizi anakuja nao kutoka tumboni mwa mama yake. Wewe hukuwepo. Mimi nilikuwepo, na mchezo wenyewe niliutunga mimi, kwa mikono hii, hapa hapa Zirai.

Shule niliishia darasa la nne. Yaliyobaki nilijisomea kwenye magazeti yanayofungiwa sukari dukani. Ndipo nikakuta picha ya kile chombo kilichopeleka watu mwezini, nusu yake imelowa mafuta ya taa. Nikamwonyesha rafiki yangu, yule tuliyetahiriwa siku moja. Akaitazama sana, akaniuliza, "Sasa huko wanakwenda kuuza nini?"

Swali la maana. Kwetu mtu hapandi mlima mikono mitupu. Nikamwambia tuwauzie sisi, kwa mchezo.

Tulichora anga kwa mkaa juu ya ubao wa sanduku la chai. Nyota zilikuwa vizibo vya soda. Vyombo vya wafanyabiashara vilikuwa punje za mahindi, na mizigo ni maharage: mekundu iliki, meupe chumvi. Kila nyota ilikuwa na kitu kimoja na imekosa kingine, kwa hiyo usiposafiri hupati. Hatua tulihesabu kwa kurusha kete. Na kwa zamu, mmoja wetu alikuwa nahodha wa maharamia, mbegu moja ya mbarika yenye madoa kama ngozi ya nyoka.

Wengi wakishika mbarika walishindwa upesi, kwa sababu walikimbiza. Ukimkimbiza mtu kwenye anga yote ile unamaliza kete zako bure. Mimi sikukimbiza. Kila chombo kilipaswa kupitia nyota ya maji baada ya kete tatu, basi nilikaa jirani na maji. Si juu ya maji, hapo wakikuona wanakuzunguka. Jirani. Halafu chombo kitupu nilikipisha, na chenye mzigo mdogo nilikipisha pia. Mtu akishapita salama mara mbili, mara ya tatu hatazami tena pembeni, na mara ya tatu ndiyo anakuja amejaa.

Halafu kulikuwa na salamu. Hii kanuni tuliiweka bila hata kubishana: vyombo vikikutana lazima visalimiane, na anayesalimiwa anasimama kete moja aitikie. Nani kwetu amewahi kupishana na mtu njiani akapita kama ng'ombe? Mtu mzima akisalimiwa anatua mzigo, anaegemea fimbo, anauliza za nyumbani, za mama, za mbuzi, ndipo anajitwika tena. Hata haramia tulimpa salamu. Hatukuweza kumfikiria haramia asiye na adabu. Mimi ndiye niliyeona kwamba hiyo ndiyo silaha yake kubwa. Salimia, asimame, na kete inayofuata ni yako.

Siku hizo walikuja wapasua mbao kutoka upande wa Lushoto. Mmoja wao, mtu wa kama miaka thelathini, alizoea kuja nyuma ya ghala la ushirika tukishatoka kulima shamba la ujamaa. Alikaa akitazama, kofia magotini.

"Dogo, huu nani kautunga?"

"Mimi."

"Nifundishe kucheza hiyo mbegu ya nyoka."

Nikamfundisha. Nilijisikia mwalimu. Hakutaka kuwa mfanyabiashara hata mara moja, alitaka mbarika tu, na baada ya wiki mbili akawa anatufunga wote bila kucheka. Siku moja akauliza, "Na vikija vyombo viwili pamoja?"

"Msalimie wa nyuma," nikasema. "Wa mbele atakuwa ameshatupa kete, yuko mbali."

Akakubali kwa kichwa polepole, kama mtu anayepima gogo.

Baba yake rafiki yangu alilima iliki kule juu, ukingoni mwa msitu. Iliki ile ndiyo ilikuwa mwaka wao mzima. Siku ya ununuzi, mara moja kwa wiki, aliibeba mwenyewe mpaka ghalani, kwa njia ya msituni inayovuka mto. Basi wiki moja tunakula kwake, mzee akasema, "Nimekutana na yule mpasua mbao pale karibu na mto. Kijana ana adabu. Kanipa shikamoo mpaka kofia kavua."

"Ulikuwa na mzigo, baba?" nikauliza.

"Nilikuwa narudi, mfuko mtupu."

Nikarudisha tonge sahanini. Wiki iliyofuata mzee alishuka na kifurushi kidogo tu, na yule mtu akamsalimia tena, akamsaidia hata kujitwika. Mzee alisimulia akitabasamu. Mimi nilikuwa nahesabu. Kitupu, kidogo. Na wiki inayokuja ndiyo ilikuwa ya mzigo wote uliobaki.

Nikamwambia rafiki yangu. Akacheka.

"Wewe umezidi kusoma magazeti ya sukari. Mtu kasalimia tu."

"Kasalimia jirani na maji. Juu ya maji hakukaa."

"Baba yangu si punje ya mahindi."

Nikampiga kofi. Sijivunii, ila nilimpiga kwa sababu nampenda baba yake kuliko yeye alivyokuwa akimpenda dakika ile. Nikaenda kwa balozi wa nyumba kumi. Balozi akaniuliza, "Kosa lake nini? Kusalimia?" Nikarudi kwa mzee mwenyewe.

"Baba, akikusalimia usiitikie. Pita tu."

"Nimpite mtoto wa mwenzangu kama kisiki, naye ananipa shikamoo?"

"Akikuua je?"

"Nitakuwa nimeitikia. Nikipita kimya nitafika ghalani, lakini atakayefika atakuwa nani?"

Nikasema basi tutakwenda wote.

Asubuhi ya siku ya ununuzi ukungu ulishuka mpaka chini ya miti. Mzee akaniambia nitangulie, maana ndivyo ilivyo, kijana hutangulia kupangusa umande kwa fimbo ili mkubwa asilowe. Sikubishana. Nilikuwa na panga mkononi, nikajiona natosha. Nyuma yangu nilisikia hatua zake na harufu ya iliki. Tukavuka mto. Hakuna mtu. Nikapumua. Nikaendelea kupiga majani, kulia, kushoto, na umbali kati yetu ukaongezeka bila mimi kuuona.

Halafu nyuma kabisa, taratibu, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba. Za huko utokako?"

Nikasikia mfuko ukituliwa chini. Nilikimbia kurudi, na sidhani kama zilifika hatua ishirini. Mzee alikuwa amelala ubavu, damu inatoka sikioni, midomo bado inaulizia za nyumbani. Mfuko haukuwepo. Ilibaki harufu tu.

Hakufa. Lakini sikio lile halisikii tena, mguu wa kushoto anauburuza, na kule shambani juu hajakwea tangu siku hiyo. Kwenye mkutano wa kijiji walimuuliza ni nani. Akasema ukungu ulikuwa mzito, alisikia sauti yenye adabu, na hawezi kumwapia mtu kwa kusikia sauti tu. Nikasimama mimi. Nikamtaja yule mpasua mbao, nikaeleza mchezo wote, na kwamba niliyemfundisha ni mimi. Mwenyekiti akauliza, "Ulimwona?" Sikumwona. "Basi kaa." Mpasua mbao mwenyewe alikuwa benchi la nyuma, kofia magotini, na rafiki yangu hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.

Rafiki yangu hajanisemesha mpaka leo. Mimi kila siku ya ununuzi nabeba iliki ya baba yake, anayoichuma yeye siku hizi, kwa njia ile ile, na nitaibeba, aseme asiseme.

Yule mtu hakuondoka. Msumeno wake unasikika msituni kila siku. Leo asubuhi, karibu na mto, nikiwa peke yangu na mzigo kichwani, amesimama pembeni mwa njia akavua kofia. Amenizidi miaka kumi, shikamoo ilikuwa niitoe mimi. Akaniwahi. "Shikamoo, kaka," akasema, akangoja.

Wewe ungeitikia?