Mung'unye la Baba

Leo nimepika futari ya mtu asiyekuwepo.

Asubuhi nilikwenda sokoni Darajani. Nikanunua boga letu, na mung'unye la baba. Daktari alimkataza sukari, kwa hiyo kila Ramadhani sisi tukila boga la nazi lenye sukari na iliki, yeye nampikia mung'unye.

Na kila siku hulalamika: "Mwanangu, unanlisha maji!"

Nikamenya vyote viwili. Nikabandika sufuria mbili.

Nshatia tui, mama akaingia jikoni, akafunua sufuria ndogo.

"Hili la nani?"

Wallahi, hapo ndipo nilipokumbuka. Baba tumemzika mwezi wa Shaaban.

(Nyinyi mliofiwa, hebu niambieni: mikono huchukua muda gani kujua?)

Nikataka kulimwaga. Mama akanishika mkono. "Liache."

Ilipoadhiniwa, mimi na wadogo zangu tukala boga. Mama, ambaye chai yake ni vijiko vinne vya sukari, akavuta bakuli la mung'unye. Akala lote.

Halafu akafuta macho kwa ncha ya kanga.

"Masikini. Kumbe alikuwa akisema kweli. Maji matupu."