Skana na Kanga ya Mama

Baba alikuwa na studio ya picha hapa Bagamoyo, na kila Idi watu walipanga foleni kwake na nguo mpya. Alipofariki alituachia boksi la negativu, zile filamu za picha zilizogeuka weusi kwa weupe, na skana ya kuzisomea. Dada yangu alibaki, akaigeuza nyumba kuwa ya wageni, akanunua kompyuta. Mimi, nisiyekaa mahali nikazoeleka, niliiwekea mfumo wa bure wa Linux.

Skana ilikuwa ya zamani. Programu yake ilishaondolewa kwenye ghala la Linux, lile ambamo mfumo huchota programu zake na kuzitunza wenyewe. Nikatafuta msimbo wake wa zamani mtandaoni, nikaijenga programu mwenyewe, nikaiweka kwa mkono. Ilifanya kazi kwa kuegemea vipande vichache vya programu vya ghalani. Lakini kitu ulichokiweka mwenyewe mfumo haukijui. Hauna habari kwamba kuna anayevitegemea vile vipande.

Nilianza na negativu zilizoota ukungu, maana hewa ya chumvi inazila. Ya marehemu mama niliiacha ya mwisho kwa kuwa ilikuwa safi. Ni picha yake pekee ya ujana: siku ya Idi, amejitanda kanga aliyopewa na baba, maandishi yake yameelekea kamera. Hakuna aliyebaki anayekumbuka yalisema nini. Nilitaka kuyasoma, basi.

Kabla sijaifikia nikapata kibarua Saadani. Niliporudi, programu ya skana ikagoma kufunguka.

"Kompyuta nimeiweka toleo jipya," dada alisema. "Ukurasa wa kupokelea wageni ulikuwa unanikatalia. Ikaniambia kuna vipande havihitajiki tena, vifutwe? Nikakubali."

"Vilikuwa vya skana."

"Sasa kaka, mimi ningejuaje, na kompyuta yenyewe haijui?"

Nikavitafuta ghalani. Toleo jipya halinavyo. Nikajaribu kuvijenga mwenyewe. Kila kipande kilidai kingine, na hicho kingine kilishaachwa na waliokitengeneza. Nikamwomba turudishe mfumo wa zamani.

"Halafu wageni wangu wakalale Saadani?"

Nikamwambia basi anikatie sehemu ya diski, niuweke huko peke yake, usiguse mambo yake.

"Mara ya mwisho nilikupa sehemu humu ndani," alisema, "chumba kikakaa na kufuli lako, ufunguo unao wewe Chalinze. Sitaki tena."

Akaichukua negativu ya mama, akaibandika kwenye kioo cha dirisha, akaipiga picha kwa simu, akageuza weusi kuwa weupe.

"Si huyu hapa?"

Alikuwa yeye. Nondo za dirisha zilimpita kifuani, na maandishi ya kanga yalikuwa mstari mmoja mzito, kama masizi. Nilikuza picha mpaka ikawa vinukta vitupu. Dada alishaituma kwenye kundi la familia. Shangazi wa Zinga akajibu mashallah, imetoka vizuri sana, sasa tumeshampata mama yenu.

Nikairudisha negativu kwenye bahasha. Nikachomoa skana, nikaviringisha waya wake. Dada alikuwa amesimama nyuma yangu na taulo za wageni mikononi, akingoja nimpishe ile meza ya skana azikunjie hapo.